Vijiko Vingapi

Usiku Biybizada anamimina shayiri ndooni,
kilo nne, za mwisho za gunia,
kisha anateka chumvi kwa kijiko cha chai
kilichopinda shingo.

Oralbay anacheka kutoka kitandani:
"Shamba zima jeupe kama meza ya mwokaji,
nawe unaongeza?"

Hamjibu. Anakoroga kwa mkono mtupu.
Bahari ya Aral ilikwenda zake zamani,
ikasahau chumvi yake kwao
kama mgeni anayesahau viatu.

Alfajiri anachuja, anaanika kivulini
juu ya shuka kuukuu la harusi.
Asiache jua lizichome. Asiache zichipue.
Ziamke tu, zijinyooshe ndani ya ganda,
zijue mapema dunia ina ladha gani.

Mwaka jana walipanda kavu.
Kila mche ulitoa ncha moja, ikageuka kahawia,
njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka.

Siku ya tisa Oralbay hacheki.
Amepiga magoti mtaroni, anahesabu kwa kidole,
anapotea, anaanza upya.
Si mistari yote. Kona ya magharibi bado tupu,
chumvi imekaa pale kama mwenye nyumba.
Lakini hapa, na hapa, na hapa tena,
kijani chembamba kama uzi wa kushonea,
kimesimama.

"Ulitia vijiko vingapi?"

Naye, akikung'uta shuka upepo ukimvuta,
anasema hakuhesabu.
Alionja.