Asile Chumvi

Treni ya bara ikipiga honi darajani
baba huweka koleo chini, akahesabu mabehewa.
Hakuwa na safari. Alihesabu tu,
kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani.

Uvinza maji hutoka ardhini yameshaungwa,
kazi yetu sisi ni moto.
Babu yake baba alichemshia vyunguni,
akapeleka kikapu kwa mtware kabla hajaonja.
Akaja Mjerumani na masufuria ya chuma,
kikapu kikaitwa kodi.
Akaja Mwingereza, akabadilisha daftari.
Tukaja wenyewe, tukabadilisha bendera getini.
Koleo lilikuwa lile lile,
mpini tu ndio mpya.

Zamani, baba husema, kuni zilikuwa jirani:
unakata mti huku unamsikia mkeo akitwanga.
Kisha msitu ukaanza kuhama,
mwendo wa saa,
mwendo wa siku,
mwendo wa lori la Ruhwanya, lenye breki za sala.
Miyombo iliingia tanurini myeusi kwa mvua
ikatoka nyeupe, ikashonewa maguniani,
ikaenda kuunga mboga za watu tusiowajua.

Mama alilima ng'ambo ya Ruchugi, juu,
ambako udongo haujaonja chumvi:
mahindi, maharage, mihogo ya akiba.
"Chumvi hailiwi peke yake," alimwambia baba
kila mshahara ulipochelewa,
na mshahara ulikuwa na mazoea hayo.

Mwaka wa kupunguza watu
majina yalibandikwa ukutani kwa gundi ya muhogo.
La kumi na nne: Ntibayasi, herufi moja imekosewa.
Baba alisimama pale hadi jua likamhama,
akitafuta kama huyo si mtu mwingine.

Miguu ilipoanza kuvimba tukampeleka Maweni.
Daktari kijana akamfunga mkono,
akatazama mshale wa mashine, akaandika:
asile chumvi.
Baba alicheka
mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Siku hizi mama anateleka vyungu viwili.
Dagaa wa baba hawana kitu,
anawatafuna polepole
kama anayesoma barua ya mwenzake.
Jana usiku, kibatari kimefifia,
nilimkuta uani penye koleo lake la zamani,
amelishika kwa mikono yote miwili,
ameinamisha kichwa,
analamba mpini.