Hewa ya Mligo

Simu imelia saa mbili na robo, chai haijapoa,
karakana yetu ya Vingunguti bado inafagiliwa.
Ni Mligo wa Njombe:
"Dada Sikujua, mashine mliyotuuzia ina pepo.
Pampu inalia toka jana magharibi,
haijafunga hata pakiti moja.
Rojo la parachichi linaanza kuwa jeusi."

Kipimo kinasemaje?

"Hasi mia nane. Kimeganda hapo.
Ninyi mliandika hasi mia tisa na hamsini."

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Mashine haina pepo. Ina ujirani.

Kipimo hicho, Mligo, kina tundu mgongoni.
Kinaonja hewa ya pale kilipo na kusema: hii ndiyo sufuri.
Huku sufuri yake ilikuwa hewa nzito ya pwani,
milibari elfu moja na kumi, na harufu ya machinjio juu yake.
Huko kwenu ni mia nane na kumi, na baridi.
Kote kinaapa: sufuri.
Kama shemeji yangu wa Tabata,
tajiri mpaka siku jirani alipoezeka ghorofa.

Umekiamuru kitoe mia tisa na hamsini
mahali penye mia nane na kumi.
Utakamua nini, bwana? Hata ng'ombe ana mwisho.

Kipya nimekilaza mezani juu ya kitambaa cheupe.
Kimezidi kidogo tu kidole gumba changu.
Ndani kuna kiwambo cha silikoni,
chembamba kuliko utando wa maziwa,
kimewambwa kama ngoma isiyo na mpigaji
ila hewa yenyewe.
Upande mmoja, dunia: mvuke, mafuta, pumzi ya pampu.
Upande wa pili, kijumba kilichofyonzwa kikazibwa,
hamna kitu,
hamna hata hewa ya kusemea "hamna".

Dunia ikisukuma, kiwambo kinabonyea.
Vijinjia vya umeme vilivyochorwa juu yake vinavutika
kiasi ambacho jicho halikioni,
umeme unapita kwa taabu tofauti na ya jana,
na taabu hiyo ndiyo namba.

Debe tupu haliachi kuvuma, tuliambiwa shuleni.
Hili halivumi.

Mzee Mbwezeleni, aliyenifundisha kazi,
alikuwa na kimoja kwenye droo, kimefungwa kwa uzi mwekundu.
Kilitoka kiwanda cha dawa, Keko, kwenye tanuri la kukaushia.
Ombwe lake lilivuja, taratibu, bila kelele,
na hewa iliyoingia nyuma ikawa inasaidia kusukuma.
Wiki mbili kilisema ishirini, kumbe ni sabini.
Vidonge vilitoka na unyevu, vikafukiwa vyote.
Cheti kilikuwa na sahihi yake.
"Sikujua," aliniambia,
na sikuelewa kama ananiita au anajitetea.

Kwa hiyo nakipima mara tatu.
Kipimahewa cha ukutani: elfu moja na kumi na moja.
Chenyewe: elfu moja na kumi na moja.
Nakitia chumbani, nawasha pampu, nasubiri.
Ndugu zake wako Kipawa wanawasomea marubani hewa ya uwanja,
wako kwenye injini ya pikapu yetu, inayokohoa hata hivyo.
Sitini. Hamsini na tisa. Sitini.
Nafunga sanduku, naandika kwa kalamu nene USIBONYEZE,
Juma wa vifurushi anakipeleka stendi ya Mbezi.

Kesho yake, saa nne:
"Dada, nimekichomeka. Mlango wazi, pampu sijawasha,
kinasema mia nane na kumi na mbili.
Kimeharibikia njiani?"

Hapana, Mligo. Hiyo ni hewa yako.
Umeipumua miaka yote, hujawahi kuambiwa.
Sasa futa hasi zote.
Andika sitini.

Nasikia vidole vyake kwenye vitufe,
halafu pampu, halafu pampu ikinyamaza,
halafu mlio mfupi wa pakiti kufungwa.
Hakusema asante. Alihesabu:
"Moja."