Siwezi Kukuahidi

Põlva, Februari, wiki ya tatu ya mazoezi.
Theluji imefunika baiskeli zilizosahauliwa uani,
zimebaki pembe tu, kama mbuzi waliozama.

Ubao wa kugusa hautaki kuguswa.
Nimeubonyeza, nimeusihi, nimeuzima, nimeuwasha;
kalamu yake inachora shibiri nzima kushoto kwa mkono wangu,
kama mtu anayejibu swali ambalo hukumuuliza.
Watoto kumi na tisa wananitazama, wamevaa soksi,
viatu vyao vinatiririka maji mlangoni,
na Kaur, bila kuinua mkono:
"Mwalimu, ulinganishe kwanza. Vidoto vinne, pembeni."
Vidoto vinne!
Chuoni niliandika kurasa ishirini kuhusu ubao huu,
nikasifiwa.

Nyuma ya darasa Virve, mwalimu wangu mlezi,
anaandika kitu kwa wino mwekundu.

Somo: tusitoe habari zetu mtandaoni.
Nimeandaa picha yangu mwenyewe, ya kiangazi,
nimeketi kizingitini kwa bibi, paka mapajani.
"Mnaona nini?"
Nilitarajia waseme: mwalimu anacheka.
Wakaninyonyoa kama kuku wa sikukuu.
Namba ya nyumba, kumi na saba.
Mnara wa kanisa, ule wenye jogoo aliyepinda:
basi ni kijiji kile cha barabara ya ziwani.
Bahasha mezani; ukikuza, jina la ukoo linasomeka.
Kibati shingoni mwa paka: Nurri.
"Na Nurri," akasema Kaur taratibu, karibu kwa huruma,
"si ndilo neno ulilofungulia kompyuta asubuhi?
Ulikuwa unazitamka herufi."

Mganga hajigangi, husema watu.
Mimi sikuwa hata mganga,
nilikuwa mbeba mkoba wake.

Kengele. Wote wakatoka ila Hele,
anafunga vifungo vya koti, anavifungua, anavifunga.
"Nikikuonyesha kitu, utaahidi hutamwambia mtu?"

Ukurasa wa arobaini na moja, kisanduku cha kijivu:
usimwahidi mtoto siri.
Niliupigia mstari wa njano, mstari mzuri, ulionyooka.
Lakini ukurasa hauna chembe ya siagi shavuni,
ukurasa haukutazami.
Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Siwezi kukuahidi," nikasema.
"Nitamwambia mtu mmoja,
na utajua ni nani kabla yeye hajajua."

Akavuta skafu hadi puani.
Nikadhani nimempoteza.
Mabomba ya joto yakagugumia, yakanyamaza, yakagugumia tena.
Kisha akaweka tableti mezani kifudifudi,
akaisukuma kwa kidole kimoja
kama sahani ya chakula asichokitaka.

Rafiki. Miaka kumi na mmoja, anasema. Picha ya farasi.
Hakuna tusi, hakuna uchafu, heshima tele:
Nani huja kukuchukua shuleni.
Mama hurudi saa ngapi.
Hii iwe yetu sisi wawili.
Na nukta mwisho wa kila sentensi.
Wiki tatu nasahihisha madaftari ya darasa hili,
nawaomba nukta kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Mtoto gani huyu asiyesahau hata moja?

"Kaur aliposoma namba ya nyumba ya bibi yako," Hele akasema,
"nilikumbuka nilimtumia picha ya mlango wetu.
Ulikuwa umepakwa rangi mpya.
Nilitaka aione rangi."

Sikuwa na la kitabuni.
Nikasema, "Rangi gani?"
"Buluu."
Nikasema hukukosa kupenda mlango wenu.

Tukaenda kwa Virve, korido ndefu, sakafu baridi.
Alipotuona alifunika kalamu yake, kofia ikalia tik,
akasogeza kiti, si kwangu, kwake yeye.
Hele hakuwa amenishika mkono njia nzima.
Alitangulia hatua moja,
nami nikamfuata.