Jibu la Risiti

Daftari langu lina karatasi tatu kwa kila kosa:
nyeupe ya mkosaji, ya waridi ya hazina,
na ya manjano inayobaki nami,
ambayo kaboni imechoka kuifikia,
hata majina ya watu wa Langoni
kwangu yamekuwa ukungu.

Kanuni zimebandikwa mlangoni,
kumi na tisa, ndani ya plastiki.
Maji ya vyombo yasimwagwe kichochoroni: mia tatu.
Kifusi kisilale njiani: elfu mbili.
Punda asizurure bila mwenyewe: mia tano.
Nilizipiga chapa mimi. Koma moja niliikosea,
wala hakuna aliyenitoza.

Bwana Twalib Badi anajenga ghorofa ya tatu
kwa ajili ya wageni wapendao kulala juu ya mapaa ya watu.
Kifusi chake kimeziba njia ya chuoni tangu Shaabani;
watoto hukiparamia, juzuu zimebanwa kwapani.
Kila Jumatatu huja na elfu mbili,
noti ambazo hazijawahi kukunjwa.
"Niandikie na ya wiki ijayo, karani,
unipunguzie safari."
Nikamwambia faini si kodi ya pango.
Akacheka kwa adabu. "Kwani tofauti ni nini?"
Niliitafuta tofauti katika zile kumi na tisa
mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Bi Khuleta hakucheka.
Alileta sarafu ndani ya kopo la hamira,
zinanuka mafuta ya kaimati.
Akazihesabu, zikapungua ishirini.
Akazihesabu tena, polepole,
huenda mara ya pili zingemwonea haya.
Ishirini nilizitia mimi.
Hilo nalo ni kosa, kanuni ya kumi na saba,
na sijajiandikia.

Kisha Mbwarali.
Punda wake alikamatwa saa saba za usiku
mbele ya benki, anatafuna boksi.
Mchana kutwa alikuwa akipandisha mchanga
wa ile ghorofa ya tatu.
Sasa yumo uani kwetu, nyuma ya choo,
na kila afisa akifungua kikao
yeye hukichangia.

Mbwarali hakuja na pesa wala na hasira.
Aliichukua risiti nyeupe, akaigeuza,
akairudisha kesho yake, imeandikwa kwa penseli:

*Karani haya yafika, nyuma ya risiti yako,*
*Punda wangu mumeshika, hasomi tangazo lako,*
*Kamba ndiyo 'mekatika, si yeye mwenye vituko,*
*Mia tano kuandika, ni tone la wino wako.*

Nimehesabu kwa vidole. Mizani imetimia,
kushinda ile mizani yetu ya sokoni
tuliyoipiga muhuri mwezi jana.
Vina vinajirudia kidogo, lakini huyu ni mtu
aliyetunga huku akibeba mchanga mwenyewe,
gunia kwa gunia, mgongoni,
maana mgongo aliokuwa akiutegemea
tumeufungia.

Hapa kwetu shairi hujibiwa kwa shairi.
Mimi nilijibu kwa muhuri:
IMEPOKELEWA, na tarehe, na doa la wino
juu ya neno *kamba*.

Usiku huu nimerudi nyumbani na karatasi moja ya manjano,
ile isiyofikiwa na kaboni.
Mke wangu anauliza naandika nini.
Natafuta vina vya faini, nimemwambia.
Saini, akasema. Ipo.
Laini. Ipo, lakini hapa haiingii.
Maini, akasema, akacheka, na leo hatukula nyama.

Mstari wa kwanza nimeuandika mara sita.
Kila nikifika kwenye kituo
naisikia sauti kutoka ule upande wa ofisi,
ndefu, imechanika katikati,
haina haja ya kina.

Kamba mpya, nimeuliza dukani,
ni mia na hamsini.