Breki ni Nzima

Ufunguo huu, Shaame. Gari ni yako.
Honi hailii ukikata kulia,
dirisha la abiria utalivuta kwa kidole,
breki ni nzima.
Usiwashe kwanza. Kaa.

Mwaka ule wa karafuu nyingi natoka Konde,
magunia saba nyuma, mvua ya rasharasha,
taa moja ikanijia konani, ikayumba,
kikalia kishindo, si kikubwa,
kama jirani anayefunga mlango.

Watu hudhani ajali ni kishindo kile.
Ajali ni kimya kinachofuata
na mguu wako bado uko penye mafuta.

Wangu ulikwenda.
Hata mkaza mjomba'ko hajui neno hili.
Hatua sitini, nilirudi kuzihesabu mchana:
usiku huu, nani kaona, yeye ndiye kahama upande...
Kisha gunia likaporomoka,
nikasimama.
Kwa ajili ya karafuu, Mola shahidi,
si kwa ajili ya mtu.

Basi ikikufika, na isikufike,
simama kabla gunia halijakusimamisha.
Zima injini. Washa taa za hatari;
zisipowaka, vunja matawi, yalaze lamini huku na huku,
mbali, maana ajaye nyuma naye ana kwao.
Usimwinue aliyelala.
Mimi nilikwisha kumshika kwapani
Bi Time akatoka na tochi ya simu, akanipiga kofi la mkono:
"Muache! Shingo hiyo, si pakacha."
Akaivua kanga yake ya juu, akaikunja,
"Bana hapa. Usiachie mpaka nikwambie,"
akawapigia polisi kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate.

Nikabana. Damu ya mtu ni moto, Shaame.
Mbarouk, fundi wa majokofu, wa Wete,
akaniuliza kiatu chake kiko wapi.
Mara tatu. Nikamwambia kipo.
Sikukiona.

Watajaa watu. Huyu atasema kimbia, yule atainua jiwe.
Usibishane nani mwenye kosa,
usikubali kuyamaliza gizani kwa elfu hamsini,
usilisogeze gari mpaka askari apime.
Toa leseni, toa bima, taja jina lako lote, hadi la babu.
Na ukiulizwa, sema lilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipoanguka.
Askari alivuta utepe toka penye vioo hadi penye gari langu,
akatazama tarakimu, akanitazama mimi.
"Mbona mbali hivi?"

Nikasema breki zilikawia.

Mbarouk anachechemea sasa. Ijumaa tukikutana
yeye ndiye hutangulia kunisalimu,
huniuliza gari, huniuliza breki,
kama nimezipatia fundi.

Nimekwambia breki ni nzima.
Hazijapata kuguswa.
Haya, washa.