Skafu ya Sufu

Jina la timu silitaji mpaka Jumamosi ipite.
Nimelitia chumvi kama makayabo, lisubiri.
Niulize rangi: samawati,
samawati ya overoli iliyofuliwa mara mia
na bado moshi umo kwenye mshono.

Mji wao ulichimba makaa ya mawe,
ukachimba, ukachimba,
ukabaki na mashimo na timu ya mpira.
Hilo, kwa mtu wa Lubumbashi, halitaki mkalimani.
Panda juu ya paa letu hapa Katuba
uone bomba la kiwanda lisilotoa kitu
na kile kilima cheusi ambacho Mungu hakukiumba:
babu zetu walikimwaga, toroli kwa toroli.

Skafu aliiacha fundi mmoja, Holger,
aliyekuja kutengeneza tanuru kabla mimi sijazaliwa.
Alikaa miezi minne, akala bukari kwa uma,
akamfundisha baba maneno matatu ya kwao:
moto, polepole, goli.
Kisha ndege. Barua hakuandika.
Baba akabaki na maneno matatu na sufu shingoni,
usiku akipekua mawimbi mafupi
yanayokwaruza kama kuku jaani,
akitafuta matokeo ya watu
ambao hajawahi kuwaona wakigusa mpira.

Siku hizi masikio yake yameziba. Tanuru lilidai chake.
Redio ni mimi.
Nagawa pesa, hizi za sombe, hizi za mega,
nasoma nani kaumia goti, nani ana kadi,
naandika kwa chaki mlangoni, herufi kubwa,
naye anasoma akichezesha midomo.
Wapita njia wanadhani ni bei ya unga.

"We Ngoie," anasema Kapend, muuza petroli,
"Mazembe eko hapa, Lupopo eko hapa,
weye unalilia Wazungu
hawajue hata kama unaishi?"
Nipimie lita tatu, namwambia.
Jibu ninalo, ila ni refu kuliko foleni yake.

Tena kuna jambo nililogundua mwenyewe.
Wakati wa baridi yao, saa zao huwa nyuma ya zetu:
sisi tumeshaosha sahani, wao ndio wanaketi mezani.
Mwezi wa tatu wanasogeza mishale, wanatufikia.
Kwa hiyo Jumamosi, saa mbili ya usiku ya Berlini
itakuwa saa mbili ya usiku ya Katuba,
dakika kwa dakika, hakuna anayemdai mwenzake.
Ni vitu vingapi tunagawana hivyo, sawasawa?

Nusu fainali ilitukuta gizani.
Dakika ya themanini, bao moja kwa moja,
umeme ukaondoka bila kuaga.
Baba hakusogea. Alikaa mbele ya kioo cheusi,
mshumaa nyuma yake,
akitazama mzee mwenye skafu anayemtazama.
Akauliza kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wanavyouliza:
"Nani ameshinda?"
Nikachukua chaki. Simu ilikuwa imekufa.
Nikaandika: SISI.
Sikujua. Naapa, sikujua kitu.
Alisoma, akakunja skafu mara nne, akalala.
Mimi nilikesha na neno lile mlangoni,
nikilichungulia kama mtu aliyekopa nguo ya harusi,
hadi alfajiri, kwa mwenye betri,
nilipolipa franka mia tano kuchaji simu
nikakuta nilichoandika
kilikuwa kimetokea, penalti tano kwa nne.

Sijamwambia.

Leo Alhamisi. Baridi ya Mei imeingia,
skafu ina sababu mbili za kuwa shingoni.
Lita tatu ziko chini ya kitanda.
Kapend amepita mara mbili kuuliza, kana kwamba hajali,
kama benchi letu lina nafasi.
Nimefuta mlango kwa kitambaa chenye maji,
hata kona, hata majina ya majeruhi.
Baba ameukagua, akarudi kitini.
Chaki iko juu ya kizingiti,
kipande kilichobaki ni kifupi,
kinatosha neno moja.