Andika Jana Yako

Nilimpa karatasi kabla ya dawa.
"Andika jana yako," nikamwambia, "tangu ulipoamka.
Kila kilichopita mdomoni, na saa yake.
Usiandike ya kunifurahisha, mimi si mama mkwe wako."

Mihayo, miaka ishirini na mbili, bodaboda, kijiwe cha Ipuli,
shavu la kushoto limeumuka kama andazi,
akashika kalamu kama mtu anayetoa maelezo polisi.

Saa kumi na mbili: chai, vijiko vinne. Maandazi mawili.
Saa mbili: pipi. Dukani hakukuwa na chenji.
Saa tatu: soda, funda mbili. Nikaitundika kwenye usukani.
Saa nne: ile soda.
Saa tano: ile soda.
Saa saba: wali maharage.
Saa nane: enaji. Jua la Tabora unalijua, dokta.
Saa kumi: enaji ileile, imeshakuwa uji.
Saa kumi na moja: chenji tena. Pipi.
Saa moja: chai.
Saa tatu usiku: michembe kwa bibi. Nikalala.

"Mswaki?"
"Asubuhi," akasema. "Kabla ya chai."

Nikachukua kalamu nyekundu,
nikazungushia duara kila palipopita utamu.
Kumi.
Karatasi ikafanana na mtu mwenye tetekuwanga.

"Lile la kushoto tumelichelewa," nikamwambia, "Alhamisi linatoka.
Haya mengine ni kwa ajili ya thelathini na moja yaliyobaki.
Jino halihesabu vijiko, Mihayo. Linahesabu mara.
Nywa soda yako na wali, chupa nzima, umalize:
moto utawaka mara moja, mate yatauzima.
Ukiibeba kwenye usukani toka Ipuli hadi Isevya,
kila funda ni njiti mpya ya kiberiti,
na mate ni zimamoto wa gari moja, gari lenyewe bovu."

Akacheka upande mmoja, ule usiouma.

Sikumwambia acha.
Neno hilo nimelitumia miaka minne;
hutoka na mgonjwa mlangoni,
likifika getini limeshateremka.
Tukapatana bei, kama sokoni.
Kwenye usukani: maji.
Chenji: adai kiberiti, au karanga, au adai pesa yake.
Chai: "Vitatu," akasema. "Viwili," nikasema.
Viwili na nusu. Tukaandikiana.
Michembe ya bibi sikuigusa, nani angethubutu,
ila mswaki uje nyuma yake,
na baada ya mswaki chungu kifungwe.

Ameshasimama, helmeti mkononi, akageuka.
"Na asali, dokta? Asali si ni dawa?"

Nikanyamaza.

Baba yangu ni mrina asali, Sikonge.
Mizinga yake iko juu ya miyombo ambayo siwezi kuihesabu,
na ada yangu ya chuo, muhula hata muhula,
ilifika ikinukia moshi.
Mhasibu alikuwa akizinusa zile noti kabla ya kuzihesabu.
Hili koti jeupe, ukilikamua vizuri,
litatoa asali.

"Jino," nikasema, na sauti ikatoka
kama ya mtoto anayemsema mzazi msibani,
"jino halijui msitu wala kiwanda.
Asali nayo, na chakula.
Si kuramba kidole kila ukipita kabatini."

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka.
Pikipiki ikakohoa mara tatu, ikawaka.

Nikafungua droo kutafuta faili la anayefuata.
Kichupa kilikuwa palepale, kijiko ndani,
kijiko ambacho tangu asubuhi hakijawahi kukauka.

Foleni nje: watu sita.
Nikavuta karatasi nyingine.
Saa kumi na mbili, nikaandika. Chai.
Saa mbili na nusu.
Saa tatu.
Saa tatu na robo.

Nikaitafuta kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeikalia.